Daftari la Gemu la Dada Mwajuma

Kwa Dada Mwajuma,

Salamu zangu nilizoea kukupa kwa mikono. Leo nazituma kwa maandishi, tena naziweka hadharani wasome na wengine, kwa sababu walioyaona mambo yako ya utotoni tumebaki wachache: mie, Mama, na pengine yule braza wa Kinondoni, kama bado yuko hai na kama ana kumbukumbu nzuri. Nataka kusimulia habari za ile mashine ya gemu na daftari lako. Na nataka kukiri tena, mbele za watu, lile jambo ambalo ulishanisamehe.

Nianzie siku ilipoingia nyumbani.

Unakumbuka Baba alivyokuwa na meza yake ya ufundi redio pale karibu na soko la Tandika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yalikuwa yamefunguka, na vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa mabaharia tu vikawa vinamwagwa chini sokoni, uchague mwenyewe. Wafanyabiashara walileta maboksi ya vifaa chakavu kutoka Dubai, na Baba alikuwa ananunua boksi zima bila kujua ndani mna nini. Redio zilizokufa, saa za mezani, vikokotoo, waya zilizosokotana kama nywele za asubuhi. Siku hiyo, chini kabisa ya boksi, akakuta kidude cha kijivu, kinene kama kipande cha sabuni ya mche, chenye kioo kidogo cha kijani iliyochujuka na vitufe viwili vyekundu. Pembeni yake kulikuwa na kaseti nne za plastiki zilizofungwa kwa mpira.

"Kikokotoo gani hiki hakina namba?" Baba akauliza.

Alipofungua mgongo wake akakuta betri zimevuja na kila kitu kimeota kutu ya kijani. Akakata ndimu, akasugua kwa mswaki wa zamani, akapangusa, akatia betri nne ndogo. Taa nyekundu ikawaka, lakini kioo kikawa na mistari mitupu, nusu ya picha haionekani. Nilikuwepo, nimemletea chakula cha mchana. Akafungua kioo, akapasha moto kile chuma chake cha kulehemu, akakipitisha taratibu chini ya kioo kama mtu anayepiga pasi ukosi wa shati. Mstari mmoja ukarudi, na mwingine, na mwingine. Halafu maandishi yakashuka kutoka juu ya kioo, yakasimama katikati, na kengele ndogo ikalia: ting!

Baba akacheka peke yake. Jioni akaileta nyumbani, akasema tutaiuza mwisho wa mwezi. Haikuuzwa.

Kwa wasiokujua: Dada Mwajuma alizaliwa anasikia. Akiwa na miaka minne akapata homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki nyingi, akarudi nyumbani akiwa hai lakini dunia imenyamaza. Alisoma mpaka darasa la pili, mwalimu akasema hawezi kumfundisha mtoto asiyemsikia, mwambieni abaki nyumbani. Akabaki. Mtaani kwetu Temeke walimwita bubu, mbele ya Mama, tena bila ubaya, kama vile ndilo jina tulilompa. Nyumbani tulizungumza kwa ishara tulizojitungia wenyewe. Baba alikuwa kidole kinachozungusha kitufe cha redio. Mie nilikuwa jino, kwa sababu ulipoanza kuniita hivyo nilikuwa nimeng'oka la mbele. Ishara zetu zilitosha kusema njoo, kula, maji, mvua, ondoka, nani kachukua. Kwa zaidi ya hapo hazikutosha, na sie tulidhani wewe ndiye usiyekuwa na zaidi ya hapo.

Ulikuwa na miaka kumi na minne mashine ilipofika. Mie kumi na moja.

Wiki ya kwanza kila mtu aliicheza isipokuwa wewe. Ilikuwa lazima uicheze nje, barazani, kwa sababu kioo chake hakikuwa na taa. Bila jua huoni kitu. Basi vijana wa mtaa wakajaa kwetu kuanzia adhuhuri. Kaseti zote nne zilikuwa za Kijapani. Maandishi yalikuja kama vijiti na mabanzi, hakuna aliyejua lipi ni "anza" na lipi ni "acha". Kila mmoja alibonyeza ovyo, akafa, akasonya, akampa mwenzake. "Hii imeharibika," wakasema. "Hii ni ya Wajapani tu."

Wewe ulikuwa umekaa nyuma yao unachambua mchele, lakini macho hayakuwa kwenye ungo. Hapo ndipo ninapokustaajabia mpaka leo. Sie tuliokuwa tumezoea kuambiwa, tulipokosa wa kutuambia tukakwama. Wewe hakuna aliyewahi kukuambia kitu tangu ukiwa na miaka minne. Kuingia mahali usipoelewa hata neno moja, ukaangalia, ukasubiri, ukajua mlango uko wapi, ndiyo ilikuwa kazi yako ya kila siku.

Siku ya nane vijana wakaenda kwenye mpira, mashine ikabaki barazani. Ukafuta mikono kwenye khanga, ukaichukua.

Ulianza na ile tuliyoiita Matofali. Vipande vinashuka kutoka juu, unavigeuza, unavipanga, mstari ukijaa unafutika. Sie wote tulikuwa tunakimbilia kufuta mstari mmojammoja. Wewe uliacha shimo upande mmoja, ukajenga, ukajenga, mpaka nikaanza kukuvuta mkono kwa hofu, halafu kipande kirefu kikashuka, ukakitumbukiza, na mistari minne ikafutika kwa mpigo. Ukaniangalia. Sijawahi kuona mtu akitabasamu kwa dharau na upendo kwa pamoja kama ulivyotabasamu pale.

Halafu ukafanya jambo lililonishangaza zaidi. Ukaweka kidole gumba pale kwenye vitundu vya spika, pembeni chini, ukakibandika. Ukafumba macho. Gemu ile ilikuwa na nyimbo tatu za kuchagua kabla ya kuanza. Ukachagua wa kwanza, ukasikiliza kwa kidole. Ukachagua wa pili. Ukarudi wa kwanza. Ukanionyesha kwa mikono: huu unaruka, huu unatembea. Nikamwita Mama. Nikakufumba macho kwa mtandio wangu, nikabadilisha nyimbo mie mwenyewe, nawe ukataja kila mara, wa kwanza, wa tatu, wa pili. Mama alisimama na mwiko mkononi. Wali uliungua siku ile na hakuna aliyegombezwa.

Daftari ulilianza wiki hiyohiyo. Lilikuwa la mazoezi, la kurasa arobaini, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nililolikimbia mie kwa sababu ya hesabu. Ukurasa wa kwanza ukachora yale maandishi yanayoshuka mashine inapowaka. Pembeni ukachora kisanduku cheusi, kwa sababu uligundua kwamba kaseti ikiwa na uchafu, maandishi hayashuki, linashuka boksi jeusi tupu. Ukachora mdomo unaopuliza. Baadaye ukaufuta mdomo, ukachora pamba na spiriti, kwa sababu Baba alikuonyesha kwamba mate yanazidisha kutu. Ukachora vivuli vinne vya penseli, kutoka cheupe mpaka cheusi, maana uliihesabu ile dunia nzima ya mle ndani, milima, wanyama, mawingu, ukaona ina rangi nne tu.

Kisha kila gemu ikapewa kurasa zake. Ile ya mtu mfupi mwenye kofia, anayeruka: ulichora njia zote kumi na mbili, na kila mahali penye tofali la siri uliweka nukta nyekundu kwa wino wa Baba. Ulikuwa wa kwanza mtaani kufika anapoendesha nyambizi, na wa kwanza kufika kwenye ndege. Na wewe ndiye uliyegundua kwamba ukiimaliza, haishi, inaanza upya, na safari hii maadui ni wengi zaidi. Uliwaonyesha vijana wote barazani, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukuita "Fundi". Sijui kama uliwahi kujua kwamba neno bubu lilitoweka mtaani kwetu kwa miezi ile. Nadhani ulijua. Ulikuwa unaisoma midomo ya watu kuliko tulivyofikiri.

Kaseti ya tatu ilikuwa ya maneno matupu. Mtu mdogo anatembea mjini, anakutana na watu, wanamwambia vijiti na mabanzi. Sie tuliitupa pembeni siku ya kwanza. Wewe uliicheza miezi mitano. Ulinakili yale maandishi mojamoja kama mtu anayedarizi, ukaweka mbele yake kilichotokea: huyu akisema hivi, mlango unafunguka, huyu akisema hivi, atakuua. Hukujua Kijapani, lakini ulijua kila mtu wa mji ule anataka nini. Na ndani ya kaseti ile ukagundua kuna kibetri kidogo kinachokumbuka ulipoishia hata mashine ikizimwa. Hilo Baba hakuamini mpaka alipofungua kaseti mwenyewe.

Ya nne ilikuwa ya vigae vyenye michoro. Hiyo ilikushinda. Ukurasa wake una kigae kimoja, na alama ya kuuliza kubwa, basi. Kila nikiukumbuka nacheka.

Betri ndizo zilizotutesa. Tulizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya nusu saa. Mwishowe Baba akafunga waya kwenye betri nne kubwa za redio, akazilaza ndani ya kopo la maziwa, na wewe ukawa unacheza umefungwa na kopo kama mbuzi na kigingi. Ndivyo alivyokupenda Baba. Hakuwa mtu wa maneno.

Sasa nifike Kinondoni.

Idd ile tulikwenda kwa Shangazi, na jirani yake alikuwa kijana mmoja, Braza Chidi, mwenye kibanda cha kukodisha gemu. Alikuwa na mashine kama yetu na kaseti moja ya njano aliyoiringia mtaa mzima. Juu yake iliandikwa 64.

"Gemu sitini na nne humu ndani," akatuambia. "Nyie watoto wa Temeke mmeshawahi kuona? Hamjawahi."

Nikakutafsiria. Ukanipa daftari nilishike, ukaiomba mashine kwa mikono. Akakuangalia, akaniangalia mie.

"Huyu haongei?"

"Hasikii."

"Sasa ataweza gemu?"

"Mpe," nikasema.

Ulikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, baada ya sala ya Idd, hadi alasiri. Kila gemu uliicheza mpaka ukafa, mara mbili, mara tatu. Kila ukifa ulinyoosha mkono nikupe daftari, ukaandika, ukanirudishia. Nilidhani unazichora. Hukuzichora. Ulikuwa unaandika namna ulivyokufa. Hayo nilikuja kuyaelewa siku zilizofuata, nikilipitia daftari peke yangu: gemu zako zote ulizipanga kwa vifo. Kuna za kufa kwa kuanguka. Kuna za kufa kwa kuguswa. Kuna za kufa kwa muda kwisha, na kuna za kufa kwa kujaa, kama Matofali. Kila ukurasa ulikuwa na alama yake pembeni: mshale, kidole, saa, ndoo.

Alasiri ukafunga hesabu. Gemu namba tano, namba kumi na tisa, namba arobaini na mbili zilikuwa kitu kimoja. Moja ilianzia mwanzo, nyingine katikati, nyingine ilibadilishwa jina tu. Kwenye kaseti nzima kulikuwa na gemu kumi na moja. Ulizizungushia duara, na zile nyingine ukazivutia mstari kila moja mpaka kwa mama yake.

Braza Chidi akachukua daftari. Akalifuata kwa kidole, akachomeka kaseti, akajaribu mwenyewe, tano, kumi na tisa, arobaini na mbili. Akakaa chini.

"Mwaka mzima nawaambia watu sitini na nne," akasema. Halafu akacheka, maana alikuwa mtu mwema. "Nani kafanya kazi hii?"

Nami nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Mie."

Dada, sijui kwa nini. Nimejiuliza miaka yote. Alikuwa ameniangalia mie alipouliza, daftari lilikuwa limekaa mikononi mwangu mchana kutwa, na sijawahi katika maisha yangu kuulizwa swali kwa heshima namna ile. Akanipa soda. Akawaita rafiki zake. "Mwoneni huyu mtoto, kichwa hiki!" Na mie nikanywa soda ile.

Ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu. Hukuhitaji masikio kuona mkono uko kifuani kwa nani.

Kwa siku nne hukuniangalia. Watu wengine wakigombana hunyamaziana; wewe ulininyima macho, na kwetu sie wawili hilo lilikuwa kubwa kuliko kunyamaza, kwa sababu bila macho yako mikono yangu ilikuwa inaongea na ukuta. Nilijaribu kukuzunguka. Ukageukia upande mwingine. Nilikuwekea nyama yangu kwenye sahani yako, ukaila bila kuinua uso.

Katika siku hizohizo ndipo alipokuja yule mama wa Tegeta.

Alikuwa anajenga huko, nyumba mpya, na alitaka msichana wa kazi. Alikaa sebuleni kwetu amevaa vizuri, akanywa chai, akasema mbele yako, "Nimesikia mna binti asiyesikia. Huyo ndiye ninayemtaka. Wanaosikia wanabeba maneno ya nyumba kupeleka nje."

Mama hakumkatalia. Simlaumu. Alikuwa amekulea miaka kumi bila mtu wa kumshauri, na aliogopa siku atakayokufa utabaki na nani.

"Angalau atakula vizuri," alimwambia Baba mgeni alipoondoka. "Na atakuwa kwenye nyumba ya maana."

Baba akasema, "Nipe wiki moja."

Hakutuambia anataka wiki ya nini. Kumbe kulikuwa na mteja wake, karani mmoja aliyeleta redio, aliyeliona daftari lako juu ya meza ya ufundi na kumwambia kwamba kuna shule ya viziwi, ya bweni, iko upande wa pili wa mji, na wapo wanaomaliza darasa la saba hapo na kuendelea. Baba alikuwa hajawahi kusikia. Siku ya tano tangu Kinondoni akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akatuchukua wote wawili, wewe uonwe, mie nitafsiri.

Mwalimu aliyetupokea aliitwa Mwalimu Ndosi, mama mmoja wa bara, mwenye miwani na sauti ya chini. Tulimwamkia shikamoo wote watatu, wewe kwa kuinama, hata Baba, ingawa sidhani kama mwalimu alimzidi umri.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne, mwalimu."

Akavuta pumzi. "Mmechelewa, mzee wangu. Sisi tunawapokea wakiwa na saba, nane. Akifika umri huu bila lugha, kichwa kinakuwa kigumu. Nafasi nazo ni chache. Nisikudanganye."

Baba akatoa daftari kwenye mfuko wa kanzu, akaliweka mezani.

"Basi liangalie hili, mwalimu, halafu ndiyo utufukuze."

Akalifungua bila hamu. Akafungua ukurasa wa pili. Akarudi wa kwanza. Akasogeza kiti. Alikaa kwenye kurasa za ile gemu ya maneno kwa muda mrefu kuliko zote, akifuata vijiti na mabanzi na michoro iliyo mbele yake. Alipofika kwenye kaseti ya Kinondoni, na zile duara kumi na moja na mistari yake, akainua uso.

"Nani kafanya kazi hii?"

Alikuwa ananiangalia mie. Wote huniangalia mie, ndiye ninayesikia. Na wewe, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, ukageuza macho ukaniangalia pia.

Nikanyoosha mkono kukuelekea. "Dada," nikasema.

"Huyu? Peke yake?"

"Peke yake. Mie hata hesabu siwezi." Halafu nikaona haitoshi, maana uso wako ulikuwa bado umefungwa. Nikaanza kulia hapohapo, mbele ya Baba na mwalimu, nikasema yote: "Kinondoni niliulizwa nikasema ni mie, nikadanganya, nikapewa soda. Ni yeye. Kila mstari ni yeye. Gemu kazipanga kwa zinavyoua watu, mwangalie, mshale ni kuanguka, kidole ni kuguswa…" Na yote hayo niliyafanya kwa mikono vilevile, nikapiga kifua, nikatikisa kichwa, nikakuonyesha wewe, ili usije ukadhani nasema mengine.

Baba alikuwa hajui habari ya Kinondoni. Aliinamisha kichwa.

Mwalimu Ndosi akafungua droo. Akatoa kadi za picha, kama thelathini, akazimwaga mezani: ndizi, ng'ombe, sufuria, basi, kuku, embe, baiskeli. Akakuonyesha kwa kiganja: panga.

Ukazipanga. Wanyama, matunda, vyombo, magari. Akatingisha kichwa kukubali, akanyoosha mkono azikusanye. Ukamzuia. Ukazivuruga, ukazipanga upya: vinavyotembea vyenyewe, vinavyosukumwa, visivyokwenda popote. Ukazivuruga tena. Safari ya tatu ikatuchukua muda kuelewa. Mwalimu aliinuka akazunguka meza, akasimama nyuma ya bega lako. Ulikuwa umevipanga kwa sauti. Upande mmoja vyenye sauti, ng'ombe, basi, kuku, baiskeli kwa kengele yake. Upande wa pili visivyo na sauti. Sufuria uliishika mkononi hujui uiweke wapi, ukanigeukia kuniuliza kwa macho. Nikagonga meza kwa kijiko cha kufikirika. Ukaiweka kwenye vyenye sauti.

Mwalimu akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Aje Jumatatu," akamwambia Baba. "Na daftari aje nalo."

Nje ya geti ulinifinya sikio mpaka nikapiga kelele. Halafu ukaniweka kwapani kwako, na tukatembea hivyo, mie nikiwa nimepinda shingo, mpaka barabarani. Yule mama wa Tegeta alipata msichana mwingine. Natumaini alitendewa vema.

Ulirudi likizo ya kwanza ukiwa na mikono mipya. Uliingia mlangoni unaongea, mikono inaruka, uso unasema na mabega yanasema, na sie tumekaa kama wageni nyumbani kwetu. Ukacheka, ukaanza kutufundisha. Mama alijifunza akiwa amekaa jikoni, unga umemganda vidoleni. Alijifunza polepole, lakini alijifunza mpaka mkaweza kugombana, na nadhani hakuna siku niliyomwona ana furaha kama ile mliyogombana kwa mara ya kwanza, kuhusu chumvi. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba ugomvi ule ulikuwa mtamu.

Mashine ilikufa kioo mwaka wa tatu, na safari hii chuma cha Baba hakikusaidia. Hukuilia. Ulikuwa umeshamaliza kila kilichokuwemo ndani yake, isipokuwa vile vigae.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Ulimaliza darasa la saba ukiwa mkubwa kuliko wenzako wote, ukasonga mbele, ukasomea ualimu, ukapelekwa mikoani kufundisha viziwi wadogo, ukakaa huko miaka zaidi ya ishirini. Nilikuja kukutembelea mara moja nikaketi nyuma ya darasa lako. Hukuwapa majibu hata siku moja. Uliwaweka kitu mezani, ukakunja mikono, ukasubiri waangalie. Mtoto mmoja alikasirika akapiga chini mguu. Wewe ukasubiri. Nikamwonea huruma, nikataka kumnong'oneza, nikakumbuka kwamba katika chumba kile kunong'ona ni kazi bure. Mwishowe akaona mwenyewe, akarukaruka, na darasa zima likapunga mikono hewani, makofi yenu nyie.

Figo zilikuchukua masika iliyopita, haraka kuliko tulivyojiandaa. Tulikuzika Temeke, karibu na Baba.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamepungua, akaja mwanamume mmoja wa makamo na mkewe na watoto wawili, wametoka safari ya mbali, viatu vimejaa vumbi jekundu la huko ulikokuwa unafundisha. Alikuwa hasikii. Alikaa kwenye mkeka, akawaamkia wazee kwa kuinama, akaanza kuongea nami kwa mikono, nami mikono yangu ilikuwa imechoka, nikawa nakosea. Akaona. Akatoa kalamu na kikaratasi mfukoni, akaandika: "Kwenu alikuwa nani?"

Nikapokea kalamu. Haya yote niliyoyaandika humu yalinijia, na kikaratasi kilikuwa kidogo kama kiganja. Mwishowe nikaandika maneno mawili: "Mkubwa wetu."

Akasoma. Akamwonyesha mkewe. Akachukua kalamu, akaandika chini yake, kwa mwandiko safi ambao sikujua niliuona wapi, mpaka nilipotambua ni mwandiko wako, uliomfundisha darasani: "Wetu pia."

Lala salama, Dada. Mama anakusalimu kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Temeke